Mgeni akishaingia sebuleni, tusimtoe nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotugusa sote wenye tovuti: ninyi wenye gazeti, na mimi mwenye gesti ya vyumba sita hapa Tukuyu.

Kijana aliyenitengenezea tovuti yangu alifanya kazi nzuri. Ila juu kabisa, kabla hata ya jina la gesti, aliweka alama nne za mitandao ya kijamii na neno "Tufuate". Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, siku hizi kila mtu anaweka." Nikanyamaza, maana fundi ni yeye.

Masika moja mwalimu mmoja kutoka Dodoma, mgeni wangu, alikuwa mapokezi na kikombe cha chai akisubiri mvua ikatike. Mvua ya Rungwe haina haraka. Alitaka kumtumia dada yake tovuti yangu ili naye aje wakati wa likizo. Nikakaa pembeni yake, nikawa natazama kidole gumba chake. Ukurasa ulipofunguka tu, akabofya ile alama ya kwanza. Akadaiwa nywila, akaikosea, akarudia. Mwisho ikatokea picha moja ya kitanda changu, na chini yake video ya watu wanacheza harusini. Akacheka, akaendelea kushusha. Likaja tangazo la hoteli ya ufukweni Matema. "Hee, mama, huku nako kuzuri, tena kuna ziwa!" Mara bando likakata. Dada yake hakutumiwa chochote.

Usiku ule sikulala vizuri. Mtu alishaingia sebuleni kwangu, na mimi mwenyewe nikamwelekeza stendi, kwenye wapiga debe wa kila kampuni. Mitandao ile inaishi kwa matangazo. Kadiri mtu anavyokaa huko ndivyo wanavyopata fedha, na tangazo la jirani yangu ni biashara yao halali. Siwalaumu. Kosa lilikuwa la mlango wangu.

Kijana akarudi. Alama zile tukazishusha chini kabisa, ndogo. Juu tukaweka jina, bei ya chumba na namba ya simu. Kisha nikakaa na daftari nikaandika maswali ambayo wageni huniuliza kila siku. Kutoka Mbeya mjini ni mbali? Ni kilomita kama 70, lami tupu. Ziwa Ngosi unapanda kwa viatu gani? Vyenye meno, maana msituni kunateleza hata jua likiwaka. Maua ya hifadhi ya Kitulo yanachanua lini? Kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, wakati wa mvua, kwa hiyo beba koti. Juni na Julai baridi ikoje? Nilieleza hata idadi ya mablanketi. Kila jibu likawa na njia ya kwenda jibu jingine: anayesoma habari za Daraja la Mungu pale Kiwira anakuta chini yake habari za Ngosi, na mwisho wa njia anakuta namba yangu. Picha nazo tulizipunguza uzito. Zilikuwa za megabaiti nne nne, sasa hazifiki kilobaiti 200, na hata mwenye bando la kuungaunga anaziona.

Sasa watu wanaopiga simu huanza hivi: "Mama, nimesoma kuhusu viatu." Nikisikia hivyo najua huyu anakuja.

Sisemi tuihame mitandao. Naitumia, lakini naitumia kumleta mtu nyumbani. Tukumbuke kwamba tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita, na aliyekuwa na bei na picha zake huko peke yake, jioni ile hakuwa na duka. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ulifungwa 2019, na waliokuwa wamejenga huko walihama.

Ndugu Mhariri, nimefika kwako sasa. Majuzi nilisoma kwenye tovuti yenu makala ya parachichi za huku kwetu. Nilikuwa na kiu ya kuendelea. Mwisho wake nikakuta: "Kwa habari zaidi tufuate kwenye mitandao ya kijamii." Nikafuata, nikakuta picha ileile na watu wanatukanana chini yake. Wakati huohuo mna makala za miaka mingi kuhusu ukanda huu, viazi vya Makete, kahawa ya Mbozi, na ile ya wachuma chai wa Rungwe niliyoisoma kwenye karatasi nikaazimisha, haikurudi. Nimeitafuta kwenye tovuti yenu nikachoka. Iwekeni chini ya ile ya parachichi, nitakaa niisome yote.

Msomaji wenu,
Mama mwenye gesti,
Tukuyu, Rungwe