Barua ya wazi kwa walimu wa mpira wa vikapu wa shule za wasichana: 60 kwa 8 haijamfunza mtu kitu

Walimu wangu,

Mtanivumilia, nimeudhika. Michezo ya muhula wa kwanza imekwisha na tumeona yale yale. Timu ya wasichana inapita kaunti ndogo kwa 60 kwa 8, inapita kaunti kwa tofauti ya pointi thelathini, inaimba njia nzima ndani ya basi, halafu inafika mashindano ya kitaifa na kushindwa kuvusha mpira mstari wa kati. Kufungwa ni mambo ya mchezo. Kushindwa hata kufika upande wa mwenzako ni mambo ya matayarisho. Na mwalimu yuko pembeni anawafokea watoto kana kwamba wao ndio waliopanga ratiba ya mwaka mzima.

Mabinti wale si wavivu. Hawajawahi kukabwa. Tangu Januari kila mpinzani alirudi kwake akawasubiri chini ya kikapu. Leo wanaletewa walinzi wawili wenye mikono mirefu, uwanja umejaa, na benchi lao wenyewe linapiga kelele "Pitisha! Pitisha!" Msichana anainua mpira juu ya kichwa, anageukia nyuma, na sekunde nane za kuvusha mpira mstari wa kati zinakatika.

Kila mwaka mnaulizana kama mechi ngumu zinawajenga wasichana au zinawavunja moyo. Zinawajenga, mradi mmezichagua wenyewe, mmezipa nafasi, na mnajua mnatafuta nini ndani yake. Bila hayo, bakini shuleni mpige mitupo huru.

Marekani, shule ya sekondari hucheza mechi zaidi ya ishirini kwa msimu, na kocha ana nafasi ya kujitafutia wapinzani wagumu nje ya ligi yake. Sisi Kenya hatuna msimu wa namna hiyo. Tuna kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa, na huko mpinzani unapangiwa. Kilicho chako ni mechi za kirafiki tu. Muhula unafunguliwa Januari na mashindano yanaanza watoto hawajatulia, kwa hivyo mechi za kujenga timu huchezwa muhula wa pili na wa tatu wa mwaka uliotangulia, ile miezi ambayo wengi wenu mnafungia mipira stoo kwa kuwa ni zamu ya kandanda na voliboli. Na muhula wa tatu msiwachezeshe watahiniwa. Hao wana KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na Januari hawatakuwapo. Chezesheni timu ya mwaka ujao.

Katika mechi kumi za kirafiki, tatu ziwe za kushinda, nne zisizotabirika, tatu za kufungwa. Za kushinda zina kazi yake: wachezaji wa akiba wapate dakika, na ule mpango mpya ujaribiwe bila hofu. Si lazima mwanzie kwa shule kama Kaya Tiwi au Wasichana wa Butere, waliokwisha kutwaa taji la taifa. Kuna mwalimu aliyewachukua watoto wanaojifunza kutupia karibu na kikapu akawapeleka kwa klabu ya wanawake wazima. Robo ya tatu hakuna aliyetaka mpira, na wiki iliyofuata mazoezini walirudi nusu. Mechi ya namna hiyo haifunzi, kwa sababu mtu hujifunza kwa kurudia, na asiyefikisha pasi tatu hana cha kurudia. Ukiona tofauti itapita pointi thelathini, kataa mwaliko, au omba kikosi chao cha pili.

Sasa tuje kwenye kukabwa uwanja mzima, maana hapa ndipo mnaponiumiza kichwa. Mechi ya kirafiki ina faida ambayo mashindano hayana: unaweza kumwambia kocha mwenzako, "Nikabe uwanja mzima robo ya kwanza na ya tatu, hata ukiniacha mbali." Wangapi kati yenu mmewahi kuomba hivyo? Mnaomba ushindi wa kupeleka kwa mwalimu mkuu!

Anayeingiza mpira asisimame chini ya ubao, kwa sababu ubao unamzibia pasi. Asogee pembeni hatua mbili. Baada ya kufungwa kikapu anaruhusiwa kukimbia nyuma ya mstari wa mwisho, tena anaweza kumpa mwenzake aliyeko nje ya mstari. Baada ya kosa la kawaida haruhusiwi, anatoa pale pale alipoonyeshwa. Watoto wengi hawaijui tofauti hiyo, na sekunde tano za kuingiza mpira zinawaishia wakibishana. Anayepokea aje mbele ya mpira, adake kwa miguu miwili, ageuke atazame kikapu anachoshambulia kabla ya kudunda hata mara moja. Kudunda bila kutazama humpeleka kona, na kona ndiko mtego uliko: mistari miwili na walinzi wawili. Mtego mwingine uko pale anapovuka tu mstari wa kati akiwa pembeni, maana hawezi tena kurudi nyuma. Lazima pawe na mtu katikati, kwenye duara, na mwingine nyuma ya mpira kama njia ya kutorokea. Pasi ya kwanza katikati, ya pili upande wa pili.

Mazoezini weka washambuliaji watano dhidi ya walinzi saba, marufuku kudunda, benchi lihesabu sekunde nane kwa sauti. Dakika kumi na tano, mara mbili kwa wiki. Wataboronga wiki tatu. Waacheni waboronge.

Tafuteni mwamuzi mwenye leseni. Mwalimu jirani akipuliza kwa upole, mlinzi wako anazoea kumshika mpinzani kiunoni. Kwenye taifa anafika mapumziko ana madhambi manne, na la tano ni benchi.

Mpira uwe namba 6, si ule namba 7 wa wavulana. Saa iwepo mezani. Mwalimu wa kike awemo safarini na sodo za akiba. Staftahi iwe imeliwa muda wa saa tatu kabla ya mechi. Mechi ianze mapema, basi la shule halitembei usiku.

Magoti nayo. Wasichana huumia kano ya msalaba ya mbele, ile iliyo ndani ya goti (ACL), mara nyingi zaidi kuliko wavulana, hasa wanapotua au kukata kona ghafla bila kugusana na mtu. Mechi ngumu mbili zitenganishwe kwa saa 48. Mara moja tu, karibu na mashindano, chezeni siku mbili mfululizo ili waonje hali ya taifa. Mwaka mzima, kabla ya mazoezi, dakika kumi na tano za kuruka na kutua magoti yamekunjwa yasigongane, mguu mmoja mmoja, na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja.

Walimu wakuu nao wasikie. Mnampa kocha mipira miwili na uwanja saa kumi na mbili jioni wavulana wakishamaliza, kisha mnadai kombe. Mnaona rahisi kumrubuni binti mrefu wa kaunti jirani kwa ahadi ya karo kuliko kujaza mafuta kwenye basi timu ikafungwe Jumamosi moja.

Nanyi mabinti, kama barua hii imewafikia: mkifungwa na shule kubwa mwezi wa Juni, hakuna mlichopoteza. Kuleni, laleni, Jumatatu mje.

Baada ya kila mechi ngumu, mwalimu, andika mambo matatu tu: mipira mliyopoteza kabla ya mstari wa kati, rebaundi (mipira iliyokosa kikapu ikarudi) mlizonyang'anywa chini ya kikapu chenu, na mitupo huru mliyokosa. Matokeo yaandike nyuma ya karatasi. Kisha wiki hii iandikie barua shule iliyowafunga vibaya zaidi. Waulize kama Jumamosi ya tatu ya muhula wa pili wana nafasi, na kama watakuja na kikosi cha kwanza. Nauli ya mwamuzi mgawane.