Waebrania hauna jina la Paulo, tusimbandike

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nyaraka za Paulo ilihesabu 14, ukiwemo Waraka kwa Waebrania, kisha ikawalaumu wanaopinga kwamba wanamfanya mtume mwongo. Lawama hiyo haina pa kushika. Nyaraka 13 hufunguka kwa jina la Paulo. Waebrania hauna hata salamu za mwanzo, unaanza moja kwa moja kama hotuba. Ambaye hakujitaja hajamdanganya mtu.

Suala la jina ni zito kwa 1 na 2 Timotheo na Tito, ambako limeandikwa. Huko wasomi huhesabu msamiati ili kupima kama kweli aliyeandika ni Paulo, na msomi P. N. Harrison, mwaka 1921, alikuta maneno 306 yasiyomo katika nyaraka nyingine kumi. Hesabu hiyo ina udhaifu: nyaraka ni fupi, mada ni uongozi wa kanisa, na karani naye alikuwa na mkono wake. Tertio, karani wa Paulo, anajitaja waziwazi katika Warumi 16:22.

Kwa Waebrania hatuhitaji kuhesabu. Katika 2:3 mwandishi anakiri kwamba habari ya wokovu ilithibitishwa kwake na waliomsikia Bwana. Paulo, katika Wagalatia 1:12, anakana katakata kwamba aliipokea Injili kwa mwanadamu. Kisha linganisheni Zaburi 40:6 na Waebrania 10:5. Zaburi kwa Kiebrania inataja masikio, waraka unataja mwili, kama zilivyo nakala kuu za kale za tafsiri ya Kiyunani ya Agano la Kale. Na hoja ya mstari wa 10 imejengwa juu ya neno hilo “mwili”! Ndipo linapokwama dai la Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa la kale, kwamba Paulo aliandika kwa Kiebrania, Luka akatafsiri.

Wanaomtetea Paulo hutaja mafunjo ya P46, nakala ya kale ya nyaraka za Paulo ya karibu mwaka 200, yaliyouweka waraka huu mara baada ya Warumi. Hiyo ni imani ya mnakili, si sahihi ya mwandishi. Timotheo anatajwa katika 13:23, lakini Timotheo hakuwa na rafiki mmoja tu. Tertullian, mwandishi wa kanisa la kale, alimtaja Barnaba kuwa ndiye mwandishi. Luther alimkisia Apolo, msemaji hodari wa Matendo 18:24, na kisio hilo linavutia, ila hatuna hata mstari mmoja wa Apolo wa kulinganisha. Origen, mwanateolojia wa karne ya 3, alisema aliyeuandika anajulikana kwa Mungu.

Tunaomba masahihisho: nyaraka 13 zenye jina la Paulo, na Waebrania usio na jina.

Mwalimu wa Agano Jipya,
Dodoma