Majibu ya kipimo na ile "pole sana"

Mhariri,

Kipimo cha damu ya mjamzito kinachosoma vipande vya DNA kutoka kondo la nyuma, ili kuona kama huenda mtoto ana hali ya Down (ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, inayoathiri ukuaji na ujifunzaji), kiliingia sokoni mwaka 2011, na hufanyika kuanzia wiki ya 10 hivi. Sikipingi. Anayetaka kujua ana haki ya kujua.

Kinachonikera ni jinsi majibu yanavyotolewa. Kipimo hiki huonyesha uwezekano tu; uthibitisho hupatikana kwa kupima maji yanayomzunguka mtoto, au kondo lenyewe. Kwa mama mwenye umri mdogo, jibu la "ndiyo" huwa si kweli mara nyingi zaidi kuliko kwa mwenye miaka 40. Nani anamweleza hayo? Anakabidhiwa karatasi, anaambiwa "pole sana", na kabla hajafuta machozi anaulizwa ameamua nini kuhusu mimba hiyo. Pole hiyo tayari ni ushauri.

Haambiwi kwamba kasoro za moyo, zinazowapata karibu nusu ya watoto wenye Down, nyingi hurekebishwa kwa upasuaji, wala kwamba penye huduma nzuri wengi hufikia miaka 60. (Watu wazima wenye hali hiyo wapo, na wanazungumza. Mbona hawaitwi?)

Mzazi anayeogopa naye tusimwite katili. Anajua shule zitamkataa mwanawe, na anajiuliza nani atamtunza yeye akishafariki. Hofu hiyo haitibiwi maabara.

Ningependa kila anayepewa majibu hayo, akiridhia, akutanishwe na familia inayolea mtoto wa namna hiyo kabla ya kuulizwa uamuzi wake.

Msomaji wenu