Barua kwa kampuni ya king'amuzi: mlizima kioo chetu usiku wa robo fainali

Magomeni,
Mtwara.
28 Agosti 2025

Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya ving'amuzi (jina limo kwenye nakala niliyowapelekea kwa mkono wa dereva wa basi),
Dar es Salaam.

YAH: KUFUNGIWA KADI USIKU WA ROBO FAINALI YA CHAN, NA MANENO NILIYOAMBIWA NA MHUDUMU WENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili. Nina kibanda umiza hapa Magomeni tangu mwaka 2014, mwaka ule timu yetu ya Ndanda ilipopanda Ligi Kuu na mji mzima ukaamka. Nilianza na televisheni ya chogo na mabenchi manne. Sasa nina projekta, shuka jeupe ukutani, spika mbili, na mabenchi yanayobeba watu mia moja na thelathini na kitu wakibanana. King'amuzi chenu ninacho mwaka wa saba huu, na sijawahi kuwapelekea barua.

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti, Taifa Stars ilipocheza na Morocco robo fainali ya CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika, pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, kibanda kilijaa mapema kuliko siku zote. Tangu mashindano yaanze tarehe 2 watu walikuwa wamenizoea. Walikuwapo siku ya Burkina Faso, Sopu alipopiga penalti kabla ya mapumziko na Mohamed Hussein akaongeza la pili. Walikuwapo Kapombe alipowamaliza Mauritania dakika za mwishoni, jirani yangu mshona viatu akakumbatiana na mtu ambaye hawajasemezana tangu mgogoro wa mpaka wa shamba. Siku ya Madagascar, Mzize alipofunga mawili, nilikaa nje kwenye ndoo, maana nafasi yangu niliwapa akina mama waliokuja na watoto mgongoni. Nayasema haya mjue kwamba mechi ya Morocco kwa watu hawa ilikuwa na safari nyuma yake. Hatukuwahi kufika robo fainali ya mashindano haya.

Kabla ya mapumziko aliingia kijana mwenye fulana yenye nembo yenu. Akanisalimu vizuri, "Shikamoo mama," nami nikaitikia, nikawaambia vijana wa benchi la mbele wasogee apate pa kukaa. Nikampa kahawa na kashata. Akaomba kuona king'amuzi; nikafunua kanga niliyokifunikia vumbi, akapiga picha namba ya kadi kwa simu yake. Hakuuliza risiti. Hakuuliza ninalipia kifurushi gani. Akarudisha kikombe, akashukuru, akatoka. Mimi nikadhani kampuni imetuma mtu kuangalia wateja wake wa mbali wanavyoendelea, na nilifurahi.

Mapumziko yalifika matokeo yakiwa bila kwa bila. Kipindi cha pili kinaanza tu, picha ikaondoka, yakabaki maandishi kwamba kadi imefungwa kwa matumizi yasiyoruhusiwa. Watu walidhani umeme, lakini taa ilikuwa inawaka na feni inazunguka. Nikapiga namba yenu ya huduma. Nikaambiwa wahudumu wote wanahudumia wateja wengine, ukapigwa muziki. Nilisikiliza muziki huo dakika ishirini na tatu, nimeziba sikio la pili kwa kiganja kwa sababu ya kelele. Wakati huo watu wangu walikuwa wameshatoka nje kuizunguka bodaboda yenye redio. Goli la Lamlioui wa Morocco, dakika ya 65, tulilisikia tumesimama barabarani gizani. Mzee mmoja aliyekuja kwa mkongojo kutoka Chikongola alikaa chini kwenye mchanga, hakusema neno.

Kiingilio siku hiyo kilikuwa Sh1,000. Walioingia walikuwa 131. Nilisimama mlangoni nikamrudishia kila mmoja fedha yake. Tisa walikataa kupokea, wakasema si kosa langu. Ni Sh122,000 zilizotoka mkononi mwangu usiku ule. Mkurugenzi, huenda huko mliko fedha hiyo ni chakula cha mchana cha watu wachache. Hapa Agosti ni mwezi wa ukata. Mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, watu wamemalizia akiba kwenye palizi na kupuliza dawa, na minada tunaingoja Oktoba. Anayekupa Sh1,000 mwezi huu ametoa unga wa nyumbani kwake ili aione timu ya taifa.

Mhudumu alipopatikana alikuwa binti, sauti ya kistaarabu. Akaniambia kumbukumbu zenu zinasoma kadi yangu kuwa ya nyumbani, na mkaguzi ameikuta kwenye biashara. Nikamweleza kwamba tarehe 30 Julai nililipa Sh98,000 za kifurushi cha biashara kwa wakala wenu hapa mjini, risiti ninayo, ina muhuri wenu na namba ya kadi. Akatafuta, akakiri kwamba malipo anayaona. Yaani fedha mlipokea. Kilichokosekana ni wakala kubadilisha taarifa za kadi. Nikamwomba afungue. Akasema hana uwezo huo, wakala wa Mtwara naye hana, inabidi nifike ofisi kuu Dar es Salaam na risiti halisi siku za kazi.

Nikamwambia, "Mwanangu, watu mia wako barabarani, na nchi yetu ni mmoja wa wenyeji wa mashindano haya."

Akanijibu: "Mama, mashindano mmeletewa nyumbani na bado mnanung'unika tu."

Simu ikakatika. Sijui kama alikata yeye au salio. Lakini neno lile ndilo lililonikalisha chini niandike, kuliko hata zile Sh122,000.

Manung'uniko nayajua. Kibanda changu ndiko yanakosemewa. Tangu tarehe 27 Septemba 2023, Kenya, Uganda na sisi tulipopewa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, ya 2027, nimesikia kila aina. Kuna kijana fundi rangi husema kila siku kwamba fedha ya uwanja mpya wa Arusha ingetosha kutuwekea barabara isiyokatika. Kuna mwalimu mstaafu anayeuliza kwa nini viwanja ni Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar, na Kusini haimo hata kwa mazoezi ya timu. Kuna anayesema tutabaki na viti vitupu na madeni. Mimi hubishana nao. Huwaambia kwamba watoto wetu wakimwona Mtanzania mwenzao anayecheza ligi ya hapa hapa akiifunga timu ya taifa ya nchi nyingine, wanapata kitu ambacho barabara haiwapi. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu, na mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Nimebishana nao hadi sauti ikakauka.

Lakini kubishana nao hakunizuii kuwaelewa. Hawa wanaonung'unika ndio walionunua kiingilio mechi zote tano za Stars. Fundi rangi huyo alipaka uso rangi za bendera siku ya ufunguzi. Mtu hunung'unikia chakula cha nyumba yake. Cha jirani hata hakijui. Watu hawa wanauliza walivyo wenyeji kwa namna gani, na jibu pekee walilokuwa nalo kwa mwezi huu lilikuwa lile shuka jeupe ukutani kwangu. Ndipo mkalizima.

Tena kwetu hili si jambo la jana. Mwaka 2024, mwezi Mei, mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa. Mabasi yakalala njiani, na bidhaa zikapanda bei hapa. Msimu wa 2020/21 Namungo ya Ruangwa, timu ya mkoa jirani wa Lindi, ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ruangwa wana uwanja wao, wa Majaliwa, lakini mechi za nyumbani zilichezwa Dar es Salaam. Watu wa Lindi waliitazama timu yao wenyewe kama mimi ninavyoitazama Morocco. Hapa kwenye uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona tumewahi kuwapokea Simba na Yanga enzi za Ndanda, watu wakakaa juu ya kuta na miembe; Ndanda ikashuka mwaka 2020 na kelele zile zikahamia kwenye vibanda. Kwa hiyo mnapouza king'amuzi Mtwara, elewa Mkurugenzi kwamba hamuuzi burudani ya ziada kwa mtu mwenye uwanja karibu. Mnauza kiti pekee tulichonacho kwenye sherehe ya nchi yetu.

Nami nawaomba msitumie sherehe hiyo kutunyamazisha. Mwezi mzima tangazo lenu limekuwa likisema mashindano ni yetu sote. Mtu akidai alicholipia, mkamjibu kwamba hana shukrani kwa nchi, mmeigeuza bendera kuwa pazia la kosa la ofisi yenu. Aliyeleta CHAN siyo kampuni yenu. Ninyi mliuza kadi, mimi nikanunua, na kadi haikufanya kazi.

Kuhusu mkaguzi, simlaumu sana yule kijana, ametumwa. Najua vipo vibanda vinavyotumia kadi za nyumbani, na najua mnapata hasara. Hilo ni halali yenu kulifuatilia. Ila alikaa kwangu kwa muda wa kutosha kumaliza kahawa. Sentensi moja tu, "Mama, naomba risiti yako," ingeokoa usiku wa watu 131. Risiti ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, hatua mbili kutoka alipokaa.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe Sh122,000 za viingilio nilivyorejesha. Kifurushi changu cha Agosti, ambacho kimefungwa tangu tarehe 22 hadi leo ninapoandika, mnifidie siku zote zilizopotea, na kadi ifunguliwe na kusomeka ya biashara bila mimi kupanda basi. Nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, kulala na kula, itazidi hata deni lenyewe, na kosa ni la wakala wenu. Hapa ndipo ninaposisitiza zaidi ya fedha yangu: mpeni wakala wa Mtwara, na wa Lindi pia, uwezo wa kurekebisha taarifa za kadi hapo hapo dukani. Kama wanao uwezo wa kupokea Sh98,000, wawe nao uwezo wa kusahihisha kosa walilofanya wakati wa kuzipokea. Wakaguzi nao wapewe maagizo ya kuuliza risiti kabla ya kufunga, na wasifunge katikati ya mechi. Mtu anayekwepa leo atakuwapo hata kesho asubuhi.

Na yule binti wa simu sitaki afukuzwe kazi. Nataka aniombe radhi kwa mdomo wake, na akishaniomba yameisha, ni mwanangu.

Nimeambatanisha nakala ya risiti ya tarehe 30 Julai, nakala ya ujumbe wa malipo, picha ya maandishi yaliyotokea kwenye kioo, na karatasi yenye sahihi za wateja 64 walionirudia asubuhi yake bila mimi kuwaita. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku kumi na nne. Nisipolipata nitalipeleka lalamiko hili Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na nakala ya barua hii kuonyesha kwamba nilianza kwenu.

Fainali ni keshokutwa Jumamosi, Nairobi, Morocco na Madagascar. Vijana wananiuliza kama nitafungua. Nimewaambia waje tu, bila kiingilio. Nimeazima redio kwa muuza samaki, nitaiweka juu ya benchi la mbele, mahali alipokaa mkaguzi wenu.

Wenu mteja,

Mama wa kibanda, Magomeni, Mtwara.