TB ya wodini ifuatiliwe

Mhariri, naomba nafasi niongelee hili la wagonjwa kuambukizana TB hospitalini, maana takwimu zinatuambia wangapi wanaumwa ila waliipatia wapi hakuna anayeuliza. Kule Tugela Ferry, Afrika Kusini, kati ya 2005 na 2006 waligundulika watu 53 wenye TB sugu kupindukia, yaani isiyosikia dawa nyingi za TB, na 52 wakafariki, na watafiti walipolinganisha maabara vimelea vya wagonjwa hao wakakuta wengi wana aina ileile moja, wengi walishawahi kulazwa, na wahudumu wa afya nao wamo. Jamani, mtu anaenda kutibiwa anaondoka na ugonjwa mwingine!

Huku kwetu nimeuguza ndugu yangu, usiku madirisha yote yanafungwa kisa baridi na mbu, anayekohoa kabanana na mwenye sukari na feni inazungusha hewa ileile mpaka asubuhi. Wizara iagize wenye kikohozi watengwe tangu mapokezi na wapewe barakoa, vyandarua viwepo ili madirisha yabaki wazi, na kila akigundulika mgonjwa mpya faili lifuatiliwe alilala kitanda gani, jirani na nani, halafu hao majirani na manesi wa zamu wapimwe bure.

Msomaji, Mbeya