Leso nazo ziingie kwenye sheria mpya

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Hii habari ya serikali ya Kenya kukusanya maoni ya kubadilisha sheria za ubunifu, naona kila anayesikika ni mwanamuziki. Sikatai, wanamuziki wameumia sana na hela za milio ya simu, ndio maana 2022 Bunge likaandika kwenye sheria kwamba mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52. Lakini sisi watu wa leso nani anatusemea?

Mimi nachora leso, wengine wanaita kanga, hapa Mombasa. Nikisema nachora ni kila kitu, pindo natoa mimi, mji, yaani pale katikati, natoa mimi, jina, yaani yale maneno yanayoandikwa, natunga mimi, halafu napeleka kuprintiwa nje na nikiletewa mzigo nauza. Mwaka juzi nilitoa moja ina asumini zimesokotana kwenye pindo na korosho nne katikati, jina lake "Subira yangu si unyonge". Ikashika! Akina mama wakaanza kuichukua ya sare za harusi, mtu anakuja anataka doti ishirini kwa mpigo. Haikufika miezi miwili naipita naiona imetundikwa dukani kwa mtu, pindo lile lile, mji ule ule, jina lile lile neno kwa neno, kitambaa chepesi kama shashi, anauza shilingi 450 na mimi yangu ni 650. Na kilichoniuma si hata bei jamani, ni kwamba ile feki ukiifua mara moja inachuja na inaharibu nguo zingine, halafu mteja anakuja kunigombeza mimi, "dada leso zako siku hizi mbovu".

Nikaanza kuzunguka kuuliza haki yangu iko wapi. Nilikuwa najua kopiraiti, yaani hakimiliki, inaanza yenyewe ukishachora tu, na kweli kwa picha ya ukutani ni hivyo, unalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini kila ninapouliza naambiwa mchoro ukiuchora kwa nia ya kutolewa kwa wingi kiwandani si habari ya kopiraiti. Sasa leso ni nini kama si hicho? Kwa maneno hayo, mchoro ule ule ningeuweka kwenye fremu ningelindwa, nimeuweka kwenye kitambaa akina mama wajifunge, basi nimekuwa sina changu. Hapa ndipo nataka wanaoandika sheria mpya wakae wapafikirie, kwa sababu haigusi leso peke yake, ni wachoraji wa vitambaa wote nchi hii.

Njia iliyobaki unaambiwa ni kusajili muundo, yaani sura ya bidhaa, huko KIPI, ofisi ya serikali ya mali za viwanda. Sawa, ipo, unapewa miaka mitano na unaweza kuongeza mara mbili ifike kumi na tano. Lakini sharti muundo uwe mpya, na mtu wa leso hajui ipi itashika mpaka aiuze, mimi kwa mwaka natoa miundo kumi na mbili au zaidi na kumi kati ya hiyo inakufa yenyewe, nitasajili yote nilipe yote kwa hela gani? Leso maisha yake ni msimu mmoja, harusi mbili tatu na Idi moja, watu wanataka nyingine. Mimi miaka kumi na tano siitaki, nataka hiyo miezi ya kwanza tu niuze kwa amani nirudishe mtaji.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya tangu 2002 wanayo sheria hiyo, muundo ukishautoa hadharani unalindwa miaka mitatu bila kusajili popote, mtu akiunakili unamshtaki. Hiyo ndiyo naomba. Miaka mitatu bila fomu.

Na nieleweke, sidai korosho. Korosho kwenye leso ni ya wote, mabibi zetu wamejifunga korosho kabla sisi hatujazaliwa, na hata methali ni za wote mtu asije akajisajilia. Mnakumbuka kampuni ya Uingereza ilivyotaka neno Kikoy, yaani kikoi chetu, liwe treidmaki yake, mpaka watu wakapiga kelele na lile ombi likafa 2008? Ya jamii ibaki ya jamii, Katiba kifungu cha 11 imeshasema na sheria ya 2016 ya maarifa ya asili ipo. Ninachodai ni nilivyozipanga mimi, asumini zangu, usiku wangu. Wazee wa biashara hii walilijua hili zamani, nenda Biashara Street uone leso za Mali ya Abdulla, duka la tangu 1887, alama yao iko kwenye kitambaa chenyewe.

Kuna hili pia la kuunganisha KIPI, KECOBO ambayo ni bodi ya hakimiliki, na ile mamlaka ya bidhaa feki ziwe ofisi moja, lilikuwa kwenye mswada wa 2020. Mimi nakubali kabisa. Leso moja ina mchoro, ina muundo, ina alama ya duka na ina feki yake, sasa mtu mmoja azungushwe milango mitatu ya nini, kila mlango unaambiwa hii si ya hapa.

La mwisho ni lugha. Katiba kifungu cha 7 Kiswahili ni lugha rasmi, lakini rasimu nilizoziona mimi zote ni Kizungu, tena kile cha mawakili. Wengi ninaowajua kwenye kazi hii ni akina mama na Kizungu hicho hawakisomi, basi maoni yao yatatoka wapi? Waitafsiri, halafu waje Mombasa wafanye kikao, kisiwe Ijumaa mchana. Mimi nitakuja na leso zote mbili, yangu na ile feki, na beseni la maji.

Mchoraji wa leso,
Mombasa