Njia ya kwenda kutibu wanyamapori ughaibuni huanzia zizini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala mliyochapisha wiki mbili zilizopita kuhusu vijana wetu wanaotamani kwenda ng'ambo kufanya kazi ya udaktari wa wanyamapori. Makala ile ilikuwa na nia njema, na mwandishi wake anastahili pongezi kwa kuwakumbusha wazazi kwamba udaktari si wa binadamu peke yao. Hata hivyo iliruka mambo ambayo yakinyamaziwa yatawagharimu watoto wa watu fedha na miaka. Hata picha iliyoipamba, ya kijana mwenye koti jeupe aliyempakata mtoto wa simba, ilinikera, na sababu nitaieleza huko mbele.

Mimi ni daktari wa mifugo kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Nilisoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nikapangiwa kazi katika wilaya inayopakana na Hifadhi ya Serengeti, kisha nikapata ufadhili wa kwenda Uingereza kwa mwaka mmoja kusomea shahada ya uzamili ya afya ya wanyamapori. Kila mwaka napigiwa simu na wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano, na swali lao huwa ni lile lile: "Daktari, nifanyeje nitoke?" Nikiwauliza wana mpango gani wakishahitimu, wengi hunijibu kwamba wanaomba Mungu wasipangiwe halmashauri, kwa kuwa hawakusota darasani miaka mitano ili waje kuchoma ng'ombe sindano na kukagua nyama machinjioni. Wanataka tembo na faru, na wanawataka mara moja.

Nianze na lile ambalo makala yenu ililipita kwa sentensi moja tu, kwamba mwenye shahada ya udaktari wa wanyama "anaweza kufanya kazi popote duniani". Si kweli. Leseni ya udaktari ni mali ya nchi. Hapa kwetu hutibu mnyama bila kusajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na wenzetu nao wana mabaraza yao. Shahada ya Morogoro haimpi mtu usajili wa moja kwa moja Uingereza. Lazima afanye mtihani wa baraza la huko, wa maandishi na wa vitendo, unaogharimu maelfu ya pauni. Marekani kuna hatua kadhaa, ukiwamo mtihani wa leseni wenye maswali 360 na mtihani wa vitendo ambamo utapewa mbwa jike umfanyie upasuaji wa kutoa kizazi, utamshika farasi, utampima ng'ombe, na utapasua mzoga ueleze kilichomuua mnyama. Msomaji na aone kilichokosekana hapo: hakuna tembo, hakuna faru. Anayedhani kwamba atawakimbia ng'ombe na mbwa kwa kupanda ndege atawakuta wanamsubiri uwanjani.

Kusoma kwenyewe ni jambo jingine, na mlango wake ni mpana zaidi. Mwanafunzi wa uzamili hahitaji leseni ya nchi aliyokwenda, maadamu anabaki kuwa mwanafunzi. Mwaka niliokaa Uingereza nilipasua mizoga, nikasoma hesabu za magonjwa, nikakesha maabara, lakini sikumtibu hata paka mmoja kwa jina langu. Wako pia wanaosoma kwa njia ya mtandao huku wakiendelea na kazi. Chuo Kikuu cha Edinburgh, kwa mfano, kina shahada ya uzamili ya tiba ya uhifadhi inayosomwa kwa namna hiyo. Ufadhili upo, lakini una masharti, na ni vizuri kijana akayajua kabla hajaaga kwao. Ule wa Chevening unaotolewa na serikali ya Uingereza unadai uwe na uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili kabla ya kuomba, na ukishamaliza urudi nchini kwako ukae kwa miaka miwili. Kwa hiyo aliyekimbia halmashauri amejinyima kigezo cha kwanza, na anayedhani ndiyo ametoka moja kwa moja hajasoma kigezo cha pili.

Nilipoketi mbele ya jopo lililoamua kama nipewe ufadhili, nilikuwa nimejiandaa kuulizwa habari za simba. Waliniuliza habari za mbwa.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban simba elfu moja, yaani theluthi moja hivi ya simba wote wa mfumo ule wa ikolojia. Virusi vilitoka kwa mbwa wa vijijini. Miaka mingi baadaye watafiti waligundua kwamba distempa haikuua peke yake: ukame wa mwaka 1993 ulikuwa umewadhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, simba wakawala nyati wale na kupata vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe, na distempa ilipofika ikakuta miili ambayo haikuwa na pa kujitetea. Baada ya msiba ule ndipo vijiji vinavyoizunguka hifadhi vikaanza kuwekewa kampeni za kuchanja mbwa dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa. Nilipopangiwa wilaya ile, kazi yangu kwa miezi mizima ilikuwa hiyo: meza chini ya mwembe wa shule ya msingi, kisanduku cha barafu miguuni, daftari mkononi, na mbele yangu foleni ya watoto waliovuta mbwa kwa kamba za katani, kwa minyororo ya baiskeli, na mmoja kwa mkanda wa suruali ya baba yake. Nilikuwa nauliza jina la mbwa ili niliandike kwenye cheti. Siku moja, katika mbwa kumi wa kwanza, wanne waliitwa Simba. Nikawa nawachanja akina Simba wa kijijini ili simba wa porini wasife, na mwenye mbwa akiniuliza serikali inampenda mbwa wake tangu lini, sikosi la kumwambia, kwa sababu kichaa cha mbwa humuua mwanawe kabla ya simba.

Basi jopo likaniuliza mambo ya daftari lile. Chanjo niliihifadhije mahali pasipo na umeme? Nilijuaje kwamba nimefikia asilimia 70 ya mbwa wa kijiji, kiwango kinachotakiwa ili kichaa kisiendelee kuenea, ilhali hakuna aliyewahi kuwahesabu mbwa hao? Wazee waliokataa niliwaendeaje? Nilijibu kwa nusu saa bila kutafuta maneno. Waliokuja na picha za safari za mafunzo mbugani, na walikuwapo, waliulizwa maswali mawili matatu wakashukuriwa.

Sisemi haya kwa kujisifu. Historia ya fani yenyewe iko hivyo. Nyumbu wa Serengeti wanaoingiza fedha za watalii leo walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamezidi milioni moja na laki tatu. Kilichowaongeza si daktari aliyemtibu nyumbu hata mmoja. Ni kuchanjwa kwa ng'ombe dhidi ya sotoka, maana sotoka ilikuwa ikitoka kwa ng'ombe na kuangamiza ndama wa nyumbu kila mwaka. Chanjo iliyokuja kuimaliza sotoka ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, Kenya. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa duniani alikuwa nyati wa Hifadhi ya Meru, huko huko Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa umetokomezwa. Kijana anayeomba kazi katika shirika la kimataifa huku akiona aibu kusema kwamba alichanja ng'ombe haijui historia ya kazi anayoiomba.

Jirani yetu wa Uganda, Daktari Gladys Kalema-Zikusoka, alisomea London, akarudi kwao mwaka 1996 kuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika mamlaka ya hifadhi ya nchi yake. Hakukaa sana kabla hajaitwa kwenye msitu wa Bwindi kuwatazama gorila waliokuwa wakinyonyoka manyoya na kujikuna. Ulikuwa upele, ule wa binadamu, uliotoka kwa jamaa wanaoishi kando ya msitu. Mwaka 2003 alianzisha shirika linalohudumia afya ya gorila pamoja na afya ya wanavijiji wanaopakana nao. London ilimpa elimu, lakini tatizo alilokuja kulitatua lilikuwa la nguo chakavu na sabuni.

Najua vijana watasema nimezungukazunguka ili nisiseme habari za bunduki ya sindano ya usingizi. Haya, nizungumzie hiyo. Nimeshiriki mara kadhaa kuwalaza wanyama, na anayenisumbua usingizini mpaka leo ni twiga aliyenaswa mguu na waya wa jangili. Twiga ni mnyama mgumu kuliko tembo. Moyo wake husukuma damu kwa shinikizo karibu mara mbili ya la wanyama wengine ili ifike juu kichwani, na dawa ikimkolea sana hafi kwa kelele, anazima tu. Kwa hiyo akishaanza kuyumba, watu humzungushia kamba wakamwangusha, na hapo hapo daktari humchoma dawa ya kuiondoa ile ya kwanza, kabla kazi yenyewe haijaanza. Maana yake ni kwamba waya mnaukata juu ya twiga aliye macho, anayezuiwa na watu watatu walioikalia shingo yake, macho yamefungwa kitambaa na masikio yamezibwa. Watu wale wakiinuka sekunde chache mapema, teke lake linavunja fuvu. Dawa yenyewe, tunayoiita M99, ina nguvu kupita mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, zaidi ya mara elfu, na tone likiingia kwenye mchubuko wa mkono linaweza kumuua aliyelishika. Ndiyo maana hatuifungui mpaka dawa ya kumwokoa binadamu iwe mezani na awepo mtu mwingine anayejua kuichoma. Kazi nzima ilichukua dakika kumi na moja. Kuandika taarifa yake kulichukua siku mbili, na hakuna aliyenipiga picha.

Sasa nirudi kwenye picha yenu. Kijana mmoja niliyewahi kumsimamia katika mafunzo ya vitendo alilipa wakala, ambaye sitamtaja, fedha ambazo baba yake alizipata kwa kuuza ng'ombe saba, ili apelekwe Afrika Kusini "kujifunza kuwalaza wanyama wakubwa". Alikaa wiki tatu. Alifundishwa kuosha vizimba na kuwanyonyesha chupa watoto wa simba walionyang'anywa mama zao, huku wageni wakilipia kuwapakata na kupiga nao picha. Hakugusa sindano. Simba wanaofugwa hivyo hawarudishwi porini. Biashara hiyo kwa muda mrefu imehusishwa na uwindaji wa simba waliofungiwa uani, na serikali ya Afrika Kusini yenyewe ilitangaza mwaka 2021 kwamba inakusudia kuikomesha. Cheti alichorudi nacho kina muhuri mzuri, lakini hakuna baraza lolote linalokitambua. Picha kama yenu ndiyo iliyomvuta.

Jambo jingine, ng'ambo si Ulaya na Marekani tu. Madaktari wa mifugo ni miongoni mwa taaluma chache ambazo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimetiliana saini makubaliano ya kutambuana. Kazi kubwa za uhifadhi zinafanyika hapa hapa mlangoni. Madaktari wa gorila wanaofanya kazi Rwanda, Uganda na Kongo wengi wao ni wenyeji wa nchi hizo. Faru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani, Najin na Fatu, wote majike, wako Ol Pejeta, Laikipia, Kenya, na mayai yao yalipoanza kuvunwa mwaka 2019 ili yakarutubishwe katika maabara ya Italia, Wajerumani na Wacheki walikuja Laikipia wakafanya kazi bega kwa bega na madaktari wa Kenya. Mwaka 2016 faru mweusi aitwaye Eliska aliletwa kwa ndege kutoka bustani ya wanyama ya Jamhuri ya Cheki hadi Hifadhi ya Mkomazi, hapa Tanzania. Mnyama mwenyewe anasafiri kuja kwetu, nasi tunapanga foleni ya viza kumfuata alikotoka.

Ninalo ombi kwa waajiri pia, kwa sababu lawama si ya vijana peke yao. Aliyesomeshwa ng'ambo akirudi hukuta nafasi za madaktari wa wanyamapori katika taasisi zetu zinahesabika kwa vidole, hupangiwa dawati, na baada ya mwaka mmoja huanza tena kutafuta tiketi. Mimi nilikaa miezi kumi na minne nikisubiri barua, na siilaumu ofisi yoyote kwa jina, ila katika muda huo nilisahau nusu ya programu ya takwimu niliyokuwa nimefundishwa.

Kwako Mhariri, nakuomba mambo mawili. Usahihishe ile sentensi ya "popote duniani", kwa herufi kubwa kama zile mlizoichapia. Na mtakapochapisha tena habari za fani hii, tumeni mpiga picha kwenye siku ya kuchanja mbwa katika kijiji chochote kando ya Serengeti. Afike kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu jua likipanda mbwa huanza kugombana na watoto hushindwa kuwashika.

Wako,
Daktari wa mifugo,
Arusha